Betri ya volti 9 haimalizi siku: nibadilishe aisi?

SWALI: Nimeunda ampulifaya ya maikrofoni ya koili kwa nusu moja ya aisi (IC, kijisaketi kilichofungwa kwenye kipande kimoja) ya TL072, yenye ampulifaya mbili ndani. Inakuza mara 101 kwa rezista za 10 kΩ na 100 Ω. Nusu ya volti za betri inapatikana kwa rezista mbili za 1 kΩ, na LED (taa ndogo) nyekundu ina rezista ya 470 Ω. Betri mpya ya alkalini haimalizi siku. Nitumie aisi gani?

JIBU: Aisi si mlaji mkubwa hapa. LED inabakiwa na volti 7 kwenye 470 Ω: takriban mA (miliampea) 15. Rezista mbili za 1 kΩ zinapitisha mA 4.5 mchana kutwa, hata pakiwa kimya. TL072 inakula karibu mA 2.8, kwa sababu nusu usiyoitumia nayo inakunywa. Jumla mA 22. Betri ya mAh 500 (yaani miliampea 500 kwa saa moja) itadumu saa ishirini na kitu.

Anza na LED: weka 10 kΩ, itabaki na mA 0.7 na bado utaiona. Rezista za 1 kΩ zibadilishe kwa 100 kΩ, na katikati yake weka kapasita ya µF 10 kwenda hasi. Usiiache kapasita hiyo. Bila hiyo mtikisiko wa betri unaingia kwenye sauti.

Sasa aisi. TL062 ina miguu ileile na inakula mA 0.4 kwa nusu zote mbili. Tatizo ni kwamba ina kasi ndogo: ukiitumia kukuza mara 101 kwa hatua moja, sauti inaanza kufifia kwenye 10 kHz. Kwa hiyo itumie ile nusu iliyolala. Kila nusu ipe 91 kΩ na 10 kΩ badala ya zile 10 kΩ na 100 Ω, na hiyo 10 kΩ ishuke hasi kupitia µF 1. Mguu wa 1 (unaotoa sauti ya nusu ya kwanza) uende moja kwa moja mguu wa 5 (unaoipokea nusu ya pili). Unapata mara 102, na masafa yanavuka 60 kHz.

Usivutiwe kupandisha rezista hadi megaomu. Utaokoa mikroampea chache tu, lakini utaongeza mvumo (kelele za chinichini), na saketi inaweza kuanza kupiga filimbi. TL062 yenyewe ina mvumo kidogo kuliko TL072? Hapana, inao zaidi. Kwa maongezi inatosha, kwa kurekodi muziki wa taratibu ningebaki na TL072. TL062 haifai pia kusukuma spika za masikioni.

Ukimaliza, pitisha waya chanya wa betri kwenye mita. Isome karibu mA 1.2, yaani saa 400 hivi. Ikisoma zaidi ya mA 2, kagua kama rezista ya zamani imebaki mahali.