Mbwa wako na bima yako

Malindi, Shella

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mama yako aliposikia kwamba mbwa wako amemng'ata mtoto wa jirani huko Columbus, jimbo la Ohio, Marekani, alikwama kwenye neno "wako", hakusikia yaliyofuata. Anauliza kama unakumbuka kuosha mara saba, moja kwa udongo. Hilo mtamalizana wenyewe. Mimi umeniuliza kama bima ya upangaji italipa.

Watu hudhani bima hiyo ni ya makochi kuungua na televisheni kuibiwa, basi. Ndani yake mna sehemu ya dhima, yaani deni linalokuangukia ukisababisha mtu adhurike, na mara nyingi huanzia dola 100,000. Humlipa aliyeumia, na mkifikishana mahakamani hugharamia wakili wako. Kando yake huwa kuna fungu dogo la matibabu, kwa kawaida dola 1,000 hadi 5,000, lisilouliza kosa ni la nani. Mtoto wa jirani anaingia humo. Wewe mwenyewe, hata mbwa angekutafuna mguu, huingii. Na bima ya mwenye nyumba usiitegemee, ile ni ya jengo lake.

Sheria ya Ohio nayo haikuachii pa kujificha. Mwenye mbwa hulipa hata kama mbwa hajawahi kung'ata mtu. Angekuwa mvamizi, au aliyemchokoza mbwa kwako, ingekuwa habari nyingine, lakini huyu ni mtoto aliyekuwa akipanda ngazi kwenda kwao.

Sasa lile uliloliandika mwisho kabisa, kama mtu anayenong'ona. Fomu ilikuuliza kama unafuga mbwa, ukajaza "hapana", naye amelala miguuni pako. Hapo ndipo nilipovua miwani. Nimekaa upande wa pili wa meza ile miaka mingi, nikiuza bima za magari hapa mjini. Alikuwapo mwenye tuktuk aliyeandika kwamba chombo ni cha matumizi ya nyumbani, ada ipungue. Siku ya ajali mkaguzi alihesabu abiria watatu. Hakulipwa hata shilingi, na alilia ofisini kwangu mtu mzima yule.

Kwa hiyo piga simu leo, kabla jirani hajapiga, useme kweli. Watakuuliza na aina ya mbwa. Ohio iliacha mwaka 2012 kuwahesabu mbwa wote wa aina ya pitbull kuwa wakali kisheria, lakini kampuni nyingine zina orodha zao, na mbwa aliyemo humo halipiwi. Wanaweza kukataa. Afadhali ujue sasa.

Jambo jingine, maana nakujua ulivyo na huruma. Huku mbwa aking'ata, wazee hukaa, mwenye mbwa akalipa sindano na nauli, yakaisha. Huko usifanye hivyo. Nenda kamjulie hali mtoto, mpelekee chochote, ila usimwahidi mama yake pesa wala usiandikiane naye karatasi. Ahadi uliyoitoa bila kampuni kujua, kampuni haitaibeba.

Idara ya afya ikitaka mbwa afungiwe siku 10 kuangaliwa kichaa, mfungie, na cheti chake cha chanjo kiwe karibu.

Ukishapiga simu niandikie walichosema. Nitumie na picha ya hati ya bima, kurasa zote. Ule wa kwanza wenye nembo hauna kitu.

Baba yako