Jibu: Ekseli ya Ruckstell kwenye Ford Model T

Ndugu, umeuliza kama unaweza kufunga ekseli ya nyuma ya Ruckstell, yenye spidi mbili, kwenye Ford Model T yako bila kuongeza breki. Kuifunga kunawezekana, kwani ilitengenezwa kwa ajili ya gari hilo hasa, lakini suala la breki nakuomba usiliahirishe. Breki ya kanyagio ya Model T hushika ndani ya giaboksi, si kwenye magurudumu. Kwa hiyo gia ya Ruckstell ikibaki katikati, kati ya nzito na nyepesi, giaboksi hutengana na magurudumu, nawe utakanyaga hadi mwisho huku gari likizidi kuteremka. Breki ya mkono peke yake ni dhaifu mno. Tangulia kufunga breki za nje zinazobana ngoma za magurudumu ya nyuma.

Difu (sehemu ya katikati ya ekseli yenye gia za kuzungusha magurudumu) ikiwa wazi, toa washa, yaani pete bapa, zote za babiti, ambayo ni metali laini, uweke za shaba nyeusi. Nilipofungua yangu, babiti ilikuwa imesagika vipande vya kijivu ndani ya oili, na krauni, ile gia kubwa ya difu, ilikuwa imeanza kusogea mbali na pinioni, gia ndogo inayoizungusha.