Geuza Boksi Kwanza, Amplifaya Baadaye

Mtu akilalamika kwamba sabufa (spika ya besi) ya gari lake haina nguvu, simuulizi ni ya wati ngapi. Namuuliza boksi limekaa wapi kwenye buti na koni, ule uso wa spika unaocheza na kusukuma hewa, inatazama upande gani. Mara nyingi najibiwa, "Inatazama mbele, tulikokaa." Inaingia akilini: spika imtazame msikilizaji. Kwa spika za mlangoni na twita, zile ndogo za sauti nyembamba, ni kweli kabisa. Kwa besi, hapana.

Sababu iko kwenye urefu wa wimbi. Sauti husafiri hewani takriban mita 344 kwa sekunde. Gawa kwa hezi 40, yaani besi ya mitetemo 40 kwa sekunde, unapata wimbi la mita 8.6, refu kuliko gari lenyewe. Wimbi la namna hiyo halijali koni imetazama wapi. Likitoka linasambaa pande zote, linalizunguka boksi na kupenya sponji ya siti. Kwa hiyo ukigeuza boksi hubadilishi sana besi inakoelekea. Unachobadilisha ni umbali kati ya koni na bati la nyuma la buti, na huo ndio unaoamua mambo.

Besi ikitoka kwenye koni, sehemu yake inakufikia moja kwa moja. Nyingine inakwenda nyuma, inagonga mlango wa buti, ndipo inarudi mbele. Hiyo iliyorudi imechelewa. Umbali kutoka koni hadi bati ukiwa robo ya urefu wa wimbi, kwenda na kurudi inakuwa nusu ya wimbi: moja linasukuma hewa wakati jingine linavuta, na yanauana.

Gari la shemeji yangu, saluni yenye buti refu, lilikuwa hivyo hasa. Boksi lilisukumwa hadi karibu na migongo ya siti, koni ikitazama mbele, na kutoka kwenye koni hadi bati la nyuma ni kama mita moja. Robo ya wimbi mita 1, wimbi zima mita 4, basi 344 gawa kwa 4 ni hezi 86. Kuna wimbo anaoupenda ambao gitaa la besi linapanda noti moja moja. Noti za chini zilikuwa zinadunda hadi kioo kinatetemeka, ikifika E ya hezi 82 na F ya hezi 87 besi inazama kama mtu amezima swichi. Yeye alishaanza kuulizia amplifaya kubwa. Isingemsaidia: ukiongeza nguvu, wimbi linalokuja linakua na linalorudi linakua vilevile, shimo linabaki palepale. Ikwalaiza, ile ya kupandisha na kushusha besi au sauti nyembamba, nayo ni hadithi hiyo hiyo.

Tulilivuta boksi hadi nyuma, tukaligeuza koni itazame mlango wa buti, tukaacha nafasi ya sentimita 30 hivi. Kwa umbali huo mauaji yanahamia karibu hezi 287, na sabufa iliyowekewa kikomo cha hezi 80 au 100 haina kazi huko juu. Noti zikarudi. Simaanishi hesabu hii inatabiri kila gari. Buti lina kuta nyingi na kila ukuta unarudisha sauti. Lakini ni mahali pazuri pa kuanzia.

Saluni ina tatizo lake lingine, nalo ni ule ukuta wa siti na bati kati ya buti na wewe. Lijaribu hivi: piga wimbo, kisha laza siti ya nyuma. Besi ikiruka juu sana, ujue inakwama buti. Wanaotaka koni itazame mbele inabidi walisukume boksi hadi kwenye uwazi wa siti na kuziba nafasi zote pembeni, besi isivuje kurudi nyuma. Ikizibwa vizuri inapiga safi mno, ila ni kazi ya fundi mwenye subira, na buti lako unalifunga moja kwa moja. Magari ambayo buti na kebini ni chumba kimoja hayana shida hiyo: koni nyuma au koni juu, vyote vinafanya kazi. Ya juu iwekee wavu, maana siku moja mtu ataidondoshea begi.

Koni kutazama chini siipendi, isipokuwa chini ya siti ya pikapu ambako huna ujanja. Koni nzito huning'inia taratibu kwa uzito wake, kwa hiyo nunua spika ambayo mtengenezaji ameiruhusu kukaa hivyo, na uache nafasi ya kutosha isigonge sakafu ikicheza kwa nguvu.

Kama boksi lako lina bomba la hewa, usiubane mdomo wake ukutani. Acha angalau nafasi inayolingana na upana wa bomba lenyewe. Likibanwa, hewa inaanza kupuliza kelele na boksi halipigi tena kama lilivyopimwa.

Unapojaribu, zima kiongeza besi (bass boost) na ikwalaiza, funga milango na vioo, kaa kwenye siti ya dereva. Ukikaa nyuma karibu na buti utadanganyika. Acha sauti pale pale, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Tumia waya mrefu kidogo ili boksi liweze kuhama bila kufungua kila kitu.

Kila ukihamisha boksi, rudia na mtihani wa chanya na hasi: badilisha nyaya mbili kwenye sabufa yenyewe, amplifaya ikiwa imezimwa, halafu sikiliza tena. Sabufa na spika za mlangoni zinakutana karibu na hezi 80, na zikivutana badala ya kusukumana pamoja, besi inakuwa nyembamba. Chagua ile iliyojaa. Wengi huruka hatua hii kwa sababu haigharimu kitu, nadhani ndiyo maana hawaiamini.

Usifunge moja kwa moja siku hiyo hiyo. Libane kwa mkanda imara, endesha gari barabarani, maana mlio wa matairi unameza besi ya chini na kilichokufurahisha ukiwa umeegesha kinaweza kupotea. Ukiridhika, zungushia chaki kwenye kapeti, kisha liweke kando uingie chini ya gari na tochi kabla ya kushika drili: tangi la mafuta na mabomba ya breki mara nyingi yako palepale unapotaka kupitisha bolti.