Mbona RAW imepooza na JPEG inang'ara?

SWALI: Asalaam aleikum mtaalamu. Mie napiga picha za harusi huku Wete, natumia Canon. Rafiki yangu kanambia niweke RAW na JPEG pamoja, yaani kamera ihifadhi kila picha kwa faili za aina hizo mbili, nikafanya hivyo harusi ya juzi. Kwenye kioo cha kamera picha zote nzuri, lakini nikifungua RAW kwenye Lightroom, ile programu ya kuhariri picha, inatokea vizuri kidogo tu halafu inabadilika yenyewe, inakuwa kiza, rangi zimepooza, hata hina ya biharusi haijakolea. JPEG yake inang'ara. Kamera mbovu au setingi zangu? (Msomaji, Wete)

JIBU: Waaleikum salaam kaka yangu. Kamera yako nzima na setingi hazina tatizo. Ile picha unayoiona kwenye kioo si RAW hata siku moja, ni JPEG ambayo kamera inaitia ndani ya faili la RAW ili upate kitu cha kutazama. Lightroom nayo inakuonesha hiyo hiyo kwanza, ikishamaliza kusoma data zenyewe inaiondoa na kuweka ya kwake, ndio unaona picha inapooza mbele ya macho yako.

Sensa ya kamera, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, haijui rangi, inapima mwanga tu. Juu yake pana vichujio vidogo vidogo vya nyekundu, kijani na buluu, kijani ndio nusu nzima, mpango wa Bryce Bayer wa Kodak aliyepewa hataza yake mwaka 1976 na mpaka leo kamera nyingi zinautumia. Kwa hiyo kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, imepima rangi moja tu na RAW ni hivyo vipimo, bado hakuna aliyeamua picha iweje. Ukitaka JPEG kamera inaamua kwa niaba yako palepale: inakisia rangi zilizobaki kwa kuangalia pikseli za jirani, inasawazisha weupe kufuatana na taa za ukumbini, inaongeza kontrasti (tofauti ya mwanga na kiza), inakoleza rangi, inanoa, inapunguza chenga (vile vidoadoa), halafu inabana faili. Na Canon ina kitu kinaitwa Auto Lighting Optimizer, kikiwa kimewashwa kinaipa JPEG mwangaza kwenye vivuli, Lightroom haikifuati, na hapo ndipo nadhani kiza chako kinapotoka.

JPEG ni nguo fundi keshakata keshashona, vipande vilivyobaki kavitupa, RAW bado jora zima. Hesabu yake hii hapa: RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384 za mwanga, JPEG ina 256 kwa kila rangi. Gauni jeupe la biharusi na koti jeusi la bwana harusi kwenye picha moja, hapo utazihitaji zile ngazi, maana uso ulioingia kivulini unaweza kuunyanyua bila ngozi kuharibika, na taa ya njano unaibadilisha kama hujapiga bado. Ila gauni likishaungua kabisa, sensa imejaa mwanga, hata RAW hairudishi.

Sasa fanya hivi. Kwenye Lightroom nenda kwenye Profile, tafuta Camera Matching, chagua ile inayofanana na Picture Style, yaani mtindo wa rangi, uliyoweka kwenye kamera, rangi zitasogea karibu sana na JPEG yako. Au tumia Digital Photo Professional ya Canon wenyewe, ni ya bure na inafuata setingi za kamera. Halafu nyanyua mwangaza na kontrasti kwa mkono wako. Usiifute RAW kwa sababu imepooza tafadhali, wengi wanafuta na hiyo ndio mali yenyewe! Harusi hairudiwi, memori kadi inanunulika. Ukienda kupiga picha za mpira uwanja wa Gombani, picha mamia na watu wanazitaka usiku uleule, hapo JPEG peke yake inatosha sana.

SWALI: Picha zangu za zamani zote JPEG, kuna programu ya kuzigeuza RAW nipate ubora? (Msomaji, Jambiani)

JIBU: Hakuna dada. Programu inaweza kubadilisha aina ya faili likawa kubwa, lakini kilichotupwa wakati wa kubana hakirudi. Waweza kuziediti kidogo kidogo, vivuli usivivute sana chenga zitatoka, na hifadhi ile ya mwanzo pembeni, kwa sababu JPEG kila ukiifungua ukaibadilisha ukaisevu tena inapoteza kidogo.