Jibu: Watoto wanaikataa pembetatu ikigeuzwa

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kwa nini watoto wako wa awali wanaitambua pembetatu iliyosimama, lakini ukiigeuza kichwa chini wanaikataa. Wameizoea ile ya ubaoni tu, inayofanana na paa la nyumba. Huku Uyole, Mbeya, mimi hukata maboksi ya parachichi: pembetatu nyembamba, pana, nyingine imelala upande. Mtoto anapitisha kidole ukingoni huku akihesabu: pande tatu, kona tatu. Kisha naizungusha palepale mkononi mwake, anahesabu upya. Akisema bado ni pembetatu, ujue ameelewa.

Kupanga makundi, anza na maumbo yenye kona na yasiyo na kona. Ili kutofautisha mraba na mstatili, wapime pande kwa uzi. Na mraba ukiinamishwa, tafadhali usiwaache waite almasi; bado ni mraba.