Mume anataka mtoto wa pili, mimi nachoma sindano kwa siri

*Shikamoo Mama. Nina miaka 36, naishi Mbagala, Dar es Salaam. Mume wangu ni dereva wa malori ya Tunduma. Tuna mtoto mmoja wa kiume, miaka saba. Alipofika miaka mitatu bila kuongea tulimpeleka hospitali, tukaambiwa ana usonji. Mpaka leo anasema maneno machache, usiku halali mpaka saa nane, saa kumi na moja ameshaamka, na nikisahau kufunga geti anakimbilia barabarani. Nilikuwa nauza vitenge Kariakoo, nikaacha, maana kila dada wa kazi niliyemleta aliondoka. Sasa anasoma kitengo maalumu cha shule ya serikali, saa saba mchana yuko nyumbani.*

*Mume anataka mtoto wa pili. Mama mkwe anasema nimzalie mdogo wake atakayemtunza sisi tukishakufa. Wifi anasema kwao hakuna ugonjwa huo, umetoka kwetu. Mimi mtoto mwingine namtaka, sitakudanganya, nikimbeba kichanga wa jirani machozi yananitoka. Lakini naogopa akija naye yuko hivyo. Kwa miaka miwili nachoma sindano ya miezi mitatu na mume hajui. Anasema Mungu hajapanga, na mama yake ameanza habari za kunipeleka kwa mganga. Sindano nyingine ni mwezi ujao. Nizae au nisizae? Na nikizaa, huyu wa kwanza nitampenda kama sasa? Jina langu usilitaje.*

Marahaba, mwanangu.

Umeuliza uzae au usizae, lakini katikati ya barua umechomeka jambo linalotangulia hilo. Nitalifikia. Kwanza tuongee hesabu, maana nahisi umekuwa ukiogopa bila mtu kukupa hata namba moja.

Watafiti, wengi wao wa Marekani, wamekuwa wakifuatilia vichanga ambao kaka au dada yao ana usonji, wakiwapima mpaka wanapofika miaka mitatu. Walitoa matokeo mwaka 2011, wakatoa tena 2024 wakiwa na watoto 1,605, na majibu yakakaribiana: kati ya wadogo 100 wa namna hiyo, kama 20 nao waligundulika kuwa na usonji. Kwa wavulana peke yao ni kama 25 katika 100, kwa wasichana kama 13. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kwa watu wote ni kama mmoja kati ya 127. Kwa hiyo hatari yako ni kubwa kuliko ya jirani yako, tena kwa mbali. Hata hivyo, katika kila kumi, wanane hawakuwa nao. Zitazame namba zote mbili, usikae na moja tu.

Na akiwa nao, si lazima awe kama kaka yake. Wapo ndugu wawili wenye usonji, mmoja haongei kabisa, mwingine anaongea mpaka unamwomba anyamaze. Inawezekana pia hali yake ikawa nzito kuliko ya wa kwanza. Hakuna kipimo cha mimba kitakachokuambia usonji upo au haupo, kwa hiyo anayekuahidi hivyo, awe wa hospitali au wa tunguri, anataka pesa yako.

Kabla hujaamua lolote, rudi kwa daktari wa watoto aliyempima mwanao umuulize swali moja: kuna chanzo kinachojulikana? Watoto wengi hawana chanzo kimoja cha kuonyesha kwa kidole. Wachache wana kasoro ya kurithi inayopimika, kama ile iliyo kwenye kromosomu ya X, ambayo mama anaweza kuibeba bila kujua. Ikiwa hivyo, hesabu niliyokupa haikuhusu tena, kwa sababu uwezekano wa kumrithisha mtoto kasoro hiyo ni nusu kwa nusu kila mimba. Na kama wewe mwenyewe unatumia dawa ya kifafa inayoitwa valproeti, sema siku hiyohiyo, maana inajulikana kuongeza hatari ya usonji mtoto akiwa tumboni. Usiiache mwenyewe, daktari ndiye akubadilishie.

Wifi yako nampa aya moja, hastahili zaidi. Usonji unahusishwa na mamia ya vinasaba. Vingine hutoka kwa baba, vingine kwa mama, vingine hubadilika vyenyewe wakati mtoto anatungwa, havikuwepo kwa yeyote kati yenu. Hakuna ukoo wa kusema "kwetu hakuna". Wa zamani walikuwepo, waliitwa bubu au mjinga, au walifichwa ndani. Miaka ya 1950 hata madaktari wakubwa wa Marekani walikuwa wakidai mama baridi, asiyempenda mwanawe, ndiye anayeleta usonji. Walikosea, na nadharia hiyo imetupwa. Wewe usiiokote. Chanjo ya surua nayo usiiogope kwa mtoto yeyote atakayekuja: makala ya 1998 iliyoanzisha uvumi kwamba inaleta usonji ilifutwa na jarida lililoichapisha, mwaka 2010.

Sasa mama mkwe. Huyu namwelewa, anawaza kifo na ana mjukuu mmoja asiyeweza kuvuka barabara. Lakini dawa anayoitoa siipendi hata kidogo. Mtoto haajiriwi akiwa tumboni. Ukimzaa ili awe mlinzi wa kaka yake, ataambiwa hivyo kabla hajajua kufunga kamba za viatu: usicheze mbali, mwangalie kaka, wewe ndiye mkubwa ingawa ni mdogo. Wapo wadogo wanaowapenda ndugu zao mpaka unashangaa, na wapo wanaoondoka wakafika Mwanza na hawapokei simu. Hayo yote ni haki yao. Isitoshe, mpango wenyewe una tundu: katika kila kumi wawili nao huenda wakahitaji kutunzwa, je, hapo atazaliwa wa tatu awatunze hao wawili?

Swali la nani atabaki na mwanao ni la watu wazima. Kaeni wewe, mume, huyo mama mkwe mwenyewe na ndugu wa upande wako, mtajane kwa majina. Nani atamchukua? Atakaa chumba gani? Kiwanja au akiba yenu itasimamiwa na nani kwa ajili yake? Na huku mkijadili, mfundisheni sasa kwenda choo, kuoga, kuvaa, kujipakulia chakula, hata ikichukua mwaka kwa kila kimoja. Kila anachojifunza kinapunguza uzito kwa atakayempokea. Walimu wa kile kitengo chake waulize wanamfundishaje, mfanye vilevile nyumbani, na kama hospitali mnayokwenda ina mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yule anayemzoesha mtu shughuli za kila siku, omba mpelekwe kwake. Hilo ndilo jibu la hofu ya mama mkwe, tena halihitaji mimba.

Tuje kwa mumeo. Barua nzima nimemwona barabarani na nimemwona akitaka mtoto. Sijamwona usiku wa saa nane. Pengine yupo na hukuandika. Kama yupo, anisamehe. Lakini fikiria mimba ya miezi minane: nani atakimbia hadi getini? Siku za arobaini, wewe na kichanga kitandani, kaka anapiga kelele kwa sababu ratiba yake imevurugika, Baba yuko Tunduma. Hapo ndipo mtoto wa pili anapoamuliwa, kuliko kwenye zile namba nilizokupa mwanzo.

Anayetaka wa pili aanze na wa kwanza. Kila anaporudi safari, usiku mmoja mtoto awe wake, kuanzia chakula mpaka asubuhi, wewe ulale chumba kingine au kwa dada yako. Usimchukulie kama msaidizi wako, na usisimame mlangoni kumsahihisha. Ampeleke kliniki mwenyewe angalau mara moja amsikie daktari kwa masikio yake. Na usingizi ule wa saa nane utajeni hospitalini kama tatizo linalojitegemea: watoto wengi wenye usonji wanalo, na kuna namna ya kulisaidia, kuanzia ratiba ya jioni mpaka dawa ikibidi. Mama anayelala saa tatu kwa siku kwa miaka minne asiulizwe swali kubwa lolote, hata la kununua kabati.

Sindano sasa. Sikulaumu. Mwili ni wako, na ulijikinga kwa njia uliyoipata. Ila tazama siri inakokupeleka: utakunywa miti shamba ya mganga kutibu ugumba usiokuwa nao, na mumeo anamlilia Mungu kwa jambo lililo kwenye kadi yako ya kliniki. Siku akiiona kadi hiyo, hatasikia kwamba uliogopa. Atasikia tu kwamba alidanganywa. Bora aisikie kwako.

Mwambie akiwa ameshapumzika, si usiku anaoshuka kwenye gari, na mama yake asiwepo. Anza na woga, sindano ifuate: "Nataka mtoto, na naogopa sana. Nimekuwa nachoma sindano kwa sababu ya woga huo, sikujua nikuambieje." Kisha nyamaza umwache akasirike. Hasira ya siku mbili tatu ni haki yake, na usishangae akikuambia kwamba hata yeye anaogopa, maana wanaume wengi humsingizia Mungu hofu wanayoona haya kuitaja. Lakini kama unajua kwamba atakupiga, usimwambie mkiwa wawili. Mwite mshenga wenu au mtu mzima anayemheshimu, na uniandikie tena, maana hapo tutakuwa tunaongea jambo jingine kabisa.

Ushauri wangu kwenye swali lenyewe: si sasa, na pia si "tutaona". Jipeni miezi sita, mkiwa na uzazi wa mpango mnaoujua wote wawili, yeye akizibeba zile siku zake na ninyi mkimaliza maswali ya daktari. Sindano ya miezi mitatu huchelewesha kurudi kwa uzazi kuliko njia nyingine. Kwa wastani ni kama miezi kumi tangu ile ya mwisho. Kwa umri wako miezi hiyo ina thamani, kwa hiyo muulize nesi kama vidonge au kondomu vitakufaa zaidi kwa kipindi hiki. Ikifika miezi sita na mumeo hajalala na mtoto hata usiku mmoja, jibu umeshalipata, na hukupewa na mimi. Mkiona mnaweza, anza vidonge vya foliki asidi kabla ya kushika mimba, usisubiri kliniki ya wajawazito. Mkiona mmoja anatosha, basi anatosha. Nyumba ya watu watatu haina pengo la kuelezea majirani.

Umeuliza kama utampenda wa kwanza. Utampenda. Kitakachopungua ni muda wako, na kwa mtoto asiyependa mabadiliko hilo ataliona, kwa hiyo mwandaeni mapema kwa picha, kwa mdoli, kwa kumzoesha kulala chumba chake. Litakalokuumiza ni lingine: siku wa pili atakaposema "mama" akiwa na miezi kumi, utafurahi halafu utalia kwa ajili ya kaka yake upya. Utakuwa pia ukimpima huyu wa pili kila saa, anageuka akiitwa jina, ananyoosha kidole kuonyesha ndege. Usijione una wazimu. Asipogeuka akifika mwaka, asipoonyesha kwa kidole akifika mwaka na nusu, mpeleke siku hiyo. Safari hii hutasubiri miaka mitatu kuambiwa.

Sindano ni mwezi ujao. Mazungumzo yafanyike kabla yake, na akikubali, nendeni kliniki wote wawili, nesi amweleze na yeye.