Umefeli IG1 na kundi la kusoma limekufa? Usiache

Kaka, nimesoma swali lako mara mbili. Wewe ni stoo kipa wa saiti, umefeli karatasi ya kwanza ya NEBOSH, ile bodi ya Uingereza ya mitihani ya usalama na afya kazini; karatasi yenyewe inaitwa IG1, Kiingereza kinakusumbua, na kundi mlilokuwa mnasoma pamoja limekufa. Unauliza uendelee au ukubali kwamba ada imeshaliwa. Endelea. Naomba nikueleze nilikopita.

Mimi niliingia kwenye mambo ya sefti, yaani usalama kazini, nikitokea kwenye nondo. Nilikuwa saidia fundi kwenye ghorofa moja hapa Dar, kampuni siitaji. Siku moja diski ndogo za grainda, ile mashine ya mkono ya kukata vyuma, ziliisha, zikabaki za inchi tisa. Fundi akafungua kava la grainda ndogo, akafunga diski kubwa, akaendelea kukata. Sote tuliona na hakuna aliyeshtuka, tulishazoea. Dakika chache baadaye diski ikapasuka, kipande kikamwingia pajani. Nilivua shati nikalikunja nikamkandamiza nalo, damu inapita katikati ya vidole vyangu, sijui kama nikaze au niachie. Alipona, lakini ile kazi hakuirudia.

Miaka miwili baadaye nikiwa darasani ndipo nilipojua kilichotokea. Grainda ndogo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Diski ya inchi tisa mwisho wake ni kama 6,600, na namba hiyo imechapwa kwenye diski yenyewe. Tulikuwa tunaishika kila siku na hakuna aliyewahi kuisoma. Kwa hiyo mtu akiniambia sefti ni kozi ya kutafutia ajira tu, mimi nakumbuka lile shati.

Sasa IG1. Ni mtihani wa kitabu wazi, unaufanyia nyumbani. Unapewa kisa cha sehemu ya kazi, halafu maswali juu ya kisa hicho, na kufaulu ni alama 45 kati ya 100. Wengi tunaanguka kwa sababu tunamwaga kitabu. Swali linamhusu dereva wa foklifti aliyetajwa kwenye kisa, wewe unaandika kuhusu foklifti zote za duniani. Kila jibu lako lirudi kwenye kisa: nani alifanya nini, wapi, na meneja alisemaje.

Kuhusu Kiingereza, mimi nilianza kwa Kiswahili. Nilikuwa najirekodi kwenye simu nikieleza mada kama namweleza saidia fundi mpya, nikishaielewa ndiyo naiandika kwa Kiingereza chepesi, sentensi fupi fupi. Ukiweza kumweleza mama lishe wa saitini kwa nini vifaa kinga vinakuja mwisho, baada ya kuondoa kihatarishi chenyewe, kukibadilisha, kukizuia kwa uhandisi na kuweka utaratibu wa kazi, basi mada hiyo unayo. Kinachobaki ni maneno ya kujifunza, na maneno hayazidi mia mbili hivi yanayojirudia.

Hilo la kundi ndilo limenifanya niandike kirefu. Sisi tulikuwa sita. Mwenzetu mmoja, wa mashine ya kusaga na kukoboa mahindi, alifeli raundi ya kwanza akanyamaza kabisa. Tukamtumia ujumbe: pole sana, usikate tamaa, Mungu yupo. Nami nilituma huohuo. Hakujibu hata mmoja, na leo namwelewa, maana kila pole ilimkumbusha kwamba sisi tumevuka na yeye amebaki.

Wiki kama mbili baadaye nilikwama kwenye mada ya kelele, najiandaa kumfundisha mdogo wangu. Nikampigia, pole sikuitaja. Nikamuuliza, "Mkiwa ndani ya mashine mkitaka kuongea mnafanyaje?" Akacheka. Akasema wanaongea kwa mikono, na kwamba akifika nyumbani mke wake humwambia apunguze redio wakati yeye hata haisikii vizuri. Jioni akanitumia sauti saba za WhatsApp. Mashine inanguruma kwa nyuma, yeye anaeleza mkanda usio na kava, vumbi la unga kwenye kenchi, kijana anayebeba magunia tangu asubuhi. Kwenye moja alimsimamisha mwenzake hatua mbili kutoka alipo, wakaongea. Wanapiga kelele na bado maneno yanapotea. Hicho ndicho kipimo cha haraka kabisa: mkilazimika kupaza sauti mkiwa mita mbili, kelele hapo inakaribia desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na huo ndio mpaka unaotumika sehemu nyingi kwa kazi ya saa nane. Ikipanda hadi 88, nguvu ya sauti imekuwa mara mbili, na muda salama unashuka hadi saa nne.

Sauti zile niliziweka kwenye kundi. Watu wakaanza kumuuliza maswali kama mwalimu. Alirudia mtihani akapita, na IG2, ile ya tathmini ya sehemu yako ya kazi, aliifanya juu ya mashine ileile. Vihatarishi kumi vinavyotakiwa alikuwa navyo kabla hajafungua fomu.

Jambo moja nalisema kwa ukali kidogo. Kusaidiana kunaishia siku ya mtihani. Sisi kundi tulilifunga kabisa hadi kila mtu alipowasilisha, kwa sababu majibu yanalinganishwa na baadaye unaweza kuhojiwa mwenyewe kwa video. Lakini hata wasingehoji: ukimwandikia mwenzako majibu, umempeleka saitini mtu asiyejua kusoma diski.

IG2 ikikaribia, soma Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) namba 155 wa 1981, hasa kifungu cha 13 kinachomlinda mfanyakazi anayejitoa kwenye hatari kubwa inayomkabili, pamoja na Sheria yetu ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya 2003.

Na lile kundi lenu usilitangazie kwamba linafufuka. Mpigie mmoja tu leo, muulize kitu cha kazini kwake ambacho wewe hukijui.

Nami nianze na wewe. Hapo stoo kwenu mitungi ya gesi za kuchomelea, ya oksijeni na ya asetilini, mmeiweka wapi? Imesimama au imelazwa? Imefungwa kwa mnyororo? Diski za inchi tisa zikiombwa, unauliza zinaenda kwenye grainda ipi? Nijibu hapahapa, kwa Kiswahili, kama kilivyo.